Merikebu ya Moshi Imetia Nanga Tena: Dalili na Sababu Ndani ya Beaver

Beaver ilishushwa majini huko Blackwall, London, mwezi Mei 1835. Ilijengwa kwa ajili ya Kampuni ya Hudson's Bay, iliyonunua ngozi za wanyama kutoka kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini. Agosti mwaka huohuo iliondoka Uingereza kwa tanga, injini zake mbili zikiwa kimya tumboni. Ikazunguka Rasi ya Horn, ikapitia Honolulu, na Machi 1836 ikaingia mto Columbia. Magurudumu yake ya ubavuni, ya kusukumia maji, yalifungwa huko Fort Vancouver, kituo cha Kampuni kando ya mto huo, na mwezi Mei moto ukawashwa. Kabla ya hapo pwani ile ya kaskazini magharibi mwa Amerika haikuwa imeona merikebu ya moshi.

Chombo chenyewe hakikuwa kikubwa: urefu wa futi 101 hivi, upana wa futi 20 bila kuhesabu magurudumu. Lakini kilifanya kazi zaidi ya miaka 50, na anayesoma habari zake hukutana kila mara na maneno mafupi: tumetia nanga, mvuke haba, boila linavuja, watu wamekataa kazi. Sababu mara nyingi haisemwi. Mwongozo huu unaanza na dalili kama alivyoiona mtu aliyesimama sitahani, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo.

Kabla ya yote, usikimbilie kuzilaumu injini. Zilitoka kwa Boulton & Watt, watengenezaji wa injini wa Uingereza, kila moja ikiwa na nguvu farasi 35 kwa hesabu ya wakati ule, na zilikuwa bado kazini chombo kilipofika mwisho wake. Nimezoea kuanza kwingine: kwenye shoka, kisha kwenye chumvi, kisha kwa watu. Mara nyingi tatizo hupatikana kwenye hayo matatu, na mara nyingi zaidi kwenye shoka.

Dalili: hali ya hewa ni nzuri, injini ni nzima, lakini meli imesimama

Tazama ufukweni kwanza. Ukisikia miti inaangushwa, umepata jibu.

George Simpson, gavana wa Kampuni, alisafiri na Beaver mwaka 1841 kutoka Fort Nisqually kwenda kaskazini. Alieleza kwamba meli ilibeba kuni za siku moja au mbili tu, na kwamba kuzikata kulichukua muda uleule wa kuzichoma. Kwa hiyo ilikaa kwenye nanga muda sawa na ule iliotembea. Shehena hiyo ya kuni kwa vipimo vyetu ni takriban mita za ujazo 145. Panga kuni kimo cha mita moja na upana wa mita moja, kisha endelea kupanga mpaka ufike mita 145 mbele. Hizo ndizo zilizokatwa, zikapasuliwa, zikabebwa mabegani hadi majini, zikapakiwa kwenye mashua, zikapandishwa melini. Zikiisha, watu wanashuka tena na shoka zao.

Kati ya mabaharia wa Beaver, wakata kuni walizidi kumi, nao walikuwa wengi kuliko wachochea moto. Miongoni mwa vibarua wa Kampuni pwani ile walikuwemo Wahawaii na Wakanada wenye asili ya Kifaransa, na wenyeji nao waliuza kuni au waliajiriwa kuzikata. Habari nyingi za Beaver zinawataja manahodha na magavana. Kwa maoni yangu, anayetaka kujua mwendo wa meli hii ahesabu mikono iliyoshika shoka, maana ndiyo iliyoamua ingefika wapi na lini.

Kama husikii shoka, zipo sababu nyingine tatu za kukagua. Ya kwanza ni ukungu au giza. Njia za ndani ya visiwa ni nyembamba, zina miamba, na kwa miaka mingi hazikuwa na ramani za kutegemewa, hivyo nahodha mwenye busara alilala. Ya pili ni maji. Mlango wa Seymour, karibu na kisiwa cha Vancouver, una mkondo unaoweza kufika fundo 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, wakati wa bamvua. Chombo ambacho mwendo wake mzuri ni kama fundo 9 hakishindani na maji hayo. Husubiri maji yatulie kati ya kujaa na kupwa, kisha hupita. Ya tatu ni biashara yenyewe: mitumbwi imekuja, ngozi zinapimwa, mazungumzo yanaendelea. Hii ya mwisho si hitilafu, ni kazi iliyoileta meli.

Dawa ya kudumu ya tatizo la kuni ilitoka kwa wenyeji. Mwaka 1835 huko Fort McLoughlin, mtu wa kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver alimwona mhunzi akichoma mkaa wa mawe uliosafirishwa kutoka Uingereza, akasema mawe hayo yapo kwao. Mwaka uliofuata Beaver ilikwenda kuhakikisha mahali panapoitwa Suquash, na kweli yalikuwepo. Mwaka 1849 Kampuni ilijenga Fort Rupert kwa ajili ya mkaa huo, na kuanzia 1852 machimbo bora zaidi yakafunguliwa Nanaimo, hapo pia baada ya mwenyeji kuonyesha. Meli hii ilizungukwa na nishati kwa miaka mingi huku watu wake wakivunjika migongo kwa kuni.

Dalili: tanuri linawaka, lakini mvuke haupandi

Inua macho uangalie moshi unaotoka bombani.

Ukiwa mweupe na mzito, kuni ni mbichi. Mti uliokatwa asubuhi unaweza kuwa na maji nusu ya uzito wake, na moto lazima uyachemshe hayo kabla haujaanza kuchemsha ya boilani. Pwani ile mvua hainyeshi kwa msimu mfupi kama masika yetu. Hunyesha miezi na miezi, na hata mti uliokufa umesimama huwa umelowa. Pasua vipande vidogo, vipange karibu na tanuri siku moja kabla, na changanya na gome nene la msonobari wa aina ya Douglas, linalotoa joto kali. Mwerezi huwaka upesi na kuisha upesi, kwa hiyo ni mzuri wa kuamsha moto lakini haufai kusafiria peke yake.

Moshi ukiwa mweusi, au ukirudi na kutokea mlangoni mwa tanuri, masizi yameziba njia za moshi. Hapo hakuna ujanja: moto uzimwe, njia zikwanguliwe. Na usiokote ovyo magogo yaliyotupwa ufukweni na mawimbi hata kama yanaonekana makavu. Yamekunywa maji ya bahari, na chumvi yake hula vyuma vya wavu wa tanuri.

Mkaa wa mawe ulipoanza kutumika, dalili ileile ilipata sababu mpya. Mkaa mbaya huacha mabonge yaliyoyeyuka yanayoganda juu ya vyuma na kuziba hewa kutoka chini. Mchochea moto aliyezoea kuni ataendelea kuongeza mkaa juu, na moto utazidi kufa. Achukue chuma kirefu, avunje mabonge, ayatoe, ndipo aongeze.

Dalili: mvuke upo wa kutosha, lakini injini ni nzito

Hii huwachanganya watu waliozoea mitambo ya baadaye. Boila la Beaver lilikuwa la shinikizo dogo sana, ratili chache tu kwa inchi ya mraba. Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na utupu. Mvuke ukishamaliza kazi ndani ya silinda huingia kwenye chumba cha kupozea, hunyunyiziwa maji baridi ya bahari, hugeuka maji ghafla na kuacha nafasi tupu. Mvuke mpya unaoingia upande wa pili husukuma pistoni kuelekea kwenye utupu huo.

Kwa hiyo gusa chumba cha kupozea. Kikiwa cha moto kuliko kawaida, maji ya kunyunyizia hayafiki. Shuku mwani kwanza, maana maji ya pwani ile yana misitu ya mwani mnene wenye mashina marefu kama kamba, na tundu la kuvutia maji huziba kirahisi. Kama maji yanafika na chumba kimepoa lakini injini bado nzito, hewa inaingia mahali. Pitisha mwali wa mshumaa kwenye viungo vyote: utakapovutwa ndani, ndipo penye tundu. Baada ya hapo ikague pampu ya kutolea maji na hewa, hasa vali zake.

Dalili: machozi meupe kwenye mabati ya boila

Hapa ndipo penye ugonjwa mkuu wa meli hii na wa merikebu zote za moshi za zama zake, nami nitakaa hapa kidogo.

Kwa kuwa mvuke ulipozwa kwa kuchanganywa na maji ya bahari, na sehemu ya mchanganyiko huo ndiyo iliyorudishwa boilani, boila lilikuwa likinywa maji ya chumvi mchana kutwa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi. Chemsha lita 1,000 mpaka ziwe mvuke, na kilo 35 za chumvi zimebaki ndani, maana mvuke hauondoki nayo. Aliyewahi kuchemshia birika maji ya kisima cha magadi anajua lile gamba gumu linaloshika chini. Lifikirie kwenye bati la chuma lenye moto upande wa pili. Gamba huzuia joto lisifike kwenye maji, bati linapata moto kupita kiasi, linalegea, linavimba, misumari ya ribiti inaachia, na maji yanaanza kuvuja yakiacha michirizi meupe ya chumvi. Hiyo michirizi ndiyo machozi unayoyaona.

Ukiona machozi, uliza mambo kwa mpangilio huu.

Kina cha maji boilani kilishuka? Kama kilishuka chini ya njia za moto, bati limeungua na hutalitibu baharini. Zima, tia nanga.

Maji mazito yalitolewa mara ya mwisho lini? Kila baada ya saa chache fundi alipaswa kufungua bomba la chini, kuyatoa baharini maji yaliyojaa chumvi, na kujaza mengine mapya. Kipimo chake ni kipimajoto. Maji ya bahari ya kawaida huchemka kwa joto linalozidi la maji yasiyo na chumvi kwa chini ya nyuzi moja ya Selsiasi, na kadiri chumvi inavyoongezeka ndivyo kiwango cha kuchemka kinavyopanda. Ukizidi nyuzi mbili juu ya maji yasiyo na chumvi kwa shinikizo lilelile, umechelewa.

Na sasa uliza swali ambalo watu hulisahau: kuni zilikuwa ngapi siku hiyo? Kila unapotoa maji mazito, unatupa baharini maji ambayo tayari umeyachemsha. Fundi mwenye kuni haba atashawishika kuyabakiza. Leo ataokoa mzigo wa kuni, na baada ya majuma kadhaa atapoteza bati. Ndiyo maana nilisema tuanze na shoka. Ufa wa boila unaweza kuwa ulianzia msituni, pale wakata kuni walipoitwa warudi melini kabla ya mzigo kutimia.

Matengenezo yenyewe ni ya taabu. Boila lipoe, mtu mwembamba aingie ndani na nyundo, agongegonge gamba mpaka lidondoke bila kutoboa chuma. Bati lililovimba hupigwa kiraka kwa bolti. Njia bora ni kuzuia: mito mikubwa kama Fraser humimina maji yasiyo na chumvi baharini, hasa theluji inapoyeyuka, na maji ya juu ya bahari karibu na midomo yake huwa na chumvi ndogo. Jaza boila hapo, au chota kwenye vijito vinavyoshuka mlimani unapokata kuni.

Hata kwa uangalifu wote huo, maboila ya Beaver hayakuishi kama injini zake. Yalibadilishwa zaidi ya mara moja, na kila badiliko lilimaanisha miezi ya meli kukosekana kazini.

Dalili: magurudumu yanazunguka vizuri, meli inajikokota

Angalia mstari wa maji ubavuni. Shehena ikizidi, gurudumu huzama mno na mbao zake hupoteza nguvu kuyainua maji badala ya kuyasukuma nyuma. Meli ikiwa tupu, mbao hupapasa juu juu. Ikilalia upande, gurudumu moja huzama na jingine huning'inia, na mshika usukani atalalamika kwamba chombo kinavuta upande mmoja. Hamisha kuni kabla hujamlaumu. Kuni zinazochomwa upande mmoja tu husababisha hali hii kila siku.

Ukisikia kishindo kwa mzunguko, ubao umevunjika. Maji yale yamejaa magogo yanayoelea. Simamisha, funga ubao wa akiba.

Dalili: watu wamekataa kazi

Mapema mwaka 1838 mabaharia wa Beaver, mafundi wa injini wakiwemo, walikataa kufanya kazi chini ya nahodha William Henry McNeill baada ya wenzao kuchapwa viboko. Wakubwa wa Kampuni waliokuwa Fort Simpson walilazimika kuingilia kati ili meli iondoke.

Ukiisoma habari hii kama utovu wa nidhamu tu, utakosa chanzo. Kwenye chombo cha tanga, nahodha aliijua kila kazi ya chini yake. Kwenye merikebu ya moshi alimtegemea mtu aliyeijua injini, na mtu huyo hakuwa na mbadala mahali pale. Mafundi walilijua hilo. Ongeza kazi ya kukata kuni kwenye mvua na joto la tanuri, halafu kiboko. Utatuzi ulihitaji kumsikiliza mchochea moto kabla hajaweka sepetu chini.

Dalili: meli inatembea, lakini ngozi ni chache au hesabu hazikai sawa

Ukaguzi huu haufanyiki chumba cha injini. Anza na msimu: ngozi ya biva, yule mnyama wa mitoni anayejenga mabwawa kwa miti, au ya fisi maji, ina manyoya mazito majira ya baridi, na ya kiangazi ni hafifu. Kagua utunzaji: ngozi mbichi zikifungiwa ngamani huoza, na zilizokauka zisipokung'utwa huliwa na nondo.

Kisha waangalie wenye biashara. Wenyeji hawakuwa wakisubiri tu meli ipige honi. Legaic, chifu wa Watsimshian, alimiliki njia ya biashara ya mto Skeena, na ngozi za bara zilipita mikononi mwa watu wake kwa bei waliyoiona inafaa. Wafanyabiashara wa Marekani nao walikuja kwa meli za tanga na kupandisha bei. Beaver iliwashinda kwa jambo moja, kuingia kwenye vijia vya bahari siku isiyo na upepo. Pamoja na mablanketi na tumbaku, biashara hiyo ilipeleka pia bunduki na pombe, na madhara yake kwa jamii za pwani yalikuwa makubwa. Uuzaji wa pombe ulikuja kusitishwa kwa mapatano na Kampuni ya Kirusi, ambayo tangu mkataba wa 1839 iliikodishia Hudson's Bay ukanda wake wa pwani ya Alaska kwa malipo ya ngozi 2,000 za fisi maji kila mwaka.

Kuhusu gharama, wakubwa wenyewe walivutana. John McLoughlin, aliyesimamia Fort Vancouver, aliona meli inakula faida na alipendelea vituo vya nchi kavu. Simpson, baada ya safari yake ya 1841, aliamua kinyume: meli moja ingetosha mahali pa vituo kadhaa. Fort McLoughlin na kituo cha Taku vikafungwa mwaka 1843. Mwezi Machi mwaka huohuo James Douglas alishuka kutoka Beaver kusini mwa kisiwa cha Vancouver kuanzisha Fort Victoria.

Nadhani wote wawili walikuwa wakipima ugonjwa usio sahihi. Ulaya wanaume walikuwa wakihamia kofia za hariri, na kofia za manyoya ya biva zikapungua sokoni. Hakuna boila wala kituo ambacho kingetibu hilo. Beaver iliendelea kuishi kwa sababu ilibadilishiwa kazi: kati ya 1863 na 1870 ilikodiwa na jeshi la wanamaji la Uingereza, na Daniel Pender akapima nayo pwani na kuchora ramani. Mwaka 1874 Kampuni iliiuza, ikawa ya kuvuta vyombo vingine na kubeba mizigo.

Dalili: imepanda mwamba

Pima maji pande zote kabla ya kurudisha injini nyuma. Pima pia ngamani, uone kama yanaingia. Kama bahari inajaa, subiri. Kama inapwa, egemeza chombo kwa nguzo upesi kisianguke.

Mwezi Julai 1888, Beaver ilipanda miamba ya Prospect Point kwenye mlango wa bandari ya Vancouver. Waliokuwa ndani waliokoka. Chombo kilikuwa kizee, na hakuna aliyegharimia kukiondoa. Kilibaki pale miaka minne, watu wakikivunja vipande vya ukumbusho, shaba yake ikigeuzwa medali. Mwaka 1892 mawimbi ya merikebu ya moshi Yosemite iliyokuwa ikipita yalikitikisa, kikateleza kutoka mwambani na kuzama.